Vitambaa vya Maua ya Njano

Jirani yangu tulimwita Mama Mapipa, na mwanzoni jina hilo lilikuwa la utani wa mapenzi. Alifanya kazi katika hoteli ya wageni kilimani, pale msitu unapoanzia, juu kidogo ya chemchemi yetu. Kazi yake ilikuwa taka. Nyuma ya jiko yalipangwa mapipa matatu: moja la mabaki ya chakula, moja la chupa, moja la yale yasiyofaa tena kwa lolote. Yeye ndiye aliyechambua na kufunga mifuko, na kila mfuko akaukaza shingo kwa kitambaa alichochana kutoka kwenye mapazia ya zamani ya hoteli, yale yenye maua ya njano.

Wageni walimpenda. Meneja aliwaleta pale nyuma wapige naye picha akiwa na glavu zake, nao wakaondoka wameridhika kwamba likizo yao haikumuudhi hata chura.

Nyumbani kwake ndiyo usiseme. Ukila ndizi, unaangaliwa ganda unalitupa wapi.

"Jirani, hilo si la huku."

"Mwenzangu, ni ganda tu."

"Hata ganda lina kwao."

Tulicheka, lakini tulifuata, maana alikuwa ametupatia ahadi yake. Hoteli ilipotaka kujengwa, sisi wa bondeni tuligoma. Tulisema taka za watu wote hao zitaishia kwenye maji yetu. Yeye akasimama mkutanoni. "Taka zitapita mikononi mwangu," alisema, "na shemeji yangu ndiye atakayezipeleka jalala la mjini kwa lori. Mkinywa uchafu, mniulize mimi." Tukakubali. Hatukumwamini meneja, tulimwamini yeye.

Basi mwaka huu ikaja mvua, ile ya kung'oa miti. Asubuhi tulipofika chemchemini tulikuta mifuko imekwama kwenye mawe, mingine imepasuka na kutapika nepi, vichupa vya shampuu na mifupa ya kuku. Na kila shingo ina kitambaa cha maua ya njano.

Muuza maziwa, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, alikivua kimoja. Mama Mapipa alikuwa ndiyo kwanza anafika na ndoo yake.

"Fundo la nani hili?"

"Langu."

"Haya, chukua chako."

Akamwekea mkononi, akaondoka na ndoo tupu. Wengine nao tukaangalia pembeni, na mimi nikiwemo.

Mama Mapipa alipanda korongo peke yake akifuata mifuko. Juu, barabara inapokata kona, alikuta alama za matairi na lundo lenyewe. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma si ule uvundo. Ni kuona chupa na maganda vimelala pamoja, kana kwamba mikono yake haijawahi kuvigusa.

Alipofika hotelini, meneja alimkaribisha kiti. "Jalala la mjini ni mbali, mama. Mapipa yale ni ya kuonyesha wageni. Nilidhani unaelewa. Na wewe ndiye nyota wetu hapa." Alimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akasimama mwenyewe akatoka.

Jumapili yule shemeji yake wa lori, mdogo wa mumewe, alikuja kula kama kawaida yake, na maneno yake ya kuchekesha.

"Shemeji, leo umenuna, au wali umeungua?"

Mama Mapipa akawamiminia shemeji na mumewe maji ya chemchemi. Yalikuwa na ukungu ndani ya glasi.

"Kunywa kwanza, shemeji."

"Nitakunywa nikimaliza."

"Kwani yana nini?"

Shemeji akaweka kijiko chini. "Mimi natumwa tu. Nikikataa, kesho lori lina dereva mwingine."

"Ungeniambia."

"Ulivyokuwa unaifurahia kazi yako, nani angeanza?"

Mama Mapipa akamgeukia mumewe amsaidie kumkemea mdogo wake. Mumewe alikuwa anatazama kitambaa cha meza, na glasi yake imejaa vile vile. Ndipo akakumbuka kwamba tangu mwaka jana mume yule hanywi maji, anataka chai tu, eti baridi inamsumbua tumbo.

"Na wewe?"

"Niliogopa utaacha kazi," mumewe akasema.

"Watoto je? Mbona uliwaacha wanayanywa?"



Mama Mapipa alikuja kwangu jua likiwaka, bila viatu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi kwa ile siku ya chemchemini, lakini aliketi kizingitini akaniomba maji.

"Jirani," nikamwambia, "hata mimi ninayo hayo hayo."

"Najua," akasema. "Nipe. Nataka kunywa na mtu anayeyanywa."