Uso wa Bibi wa Shaba

Kila Ijumaa Enid Cattermole alipiga magoti kwenye sakafu ya kanisa la Stanningham akamsugua bibi wa shaba. Bibi huyo alikuwa mke wa bwana mwenye ardhi wa zama za kale, sura yake imechongwa kwenye bamba lililolazwa juu ya kaburi lake, viganja vimekutana kwa sala, mbwa mdogo miguuni. Enid alimpenda kupita kiasi. Wenzake kwenye zamu ya usafi walipitisha kitambaa kikavu wakaenda zao. Yeye alileta dawa ya kung'arishia kutoka nyumbani, akasugua mpaka ajione. Wageni waliposifu jinsi kanisa linavyong'aa, Enid aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao haukuwa wa kweli hata chembe.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Mei akaja Bwana Lyle, mtaalamu wa mambo ya kale, kuwatembeza watu wa parokia katika mabaki ya kwao wenyewe. Nusu ya kijiji ilitoka na mabuti ya mpira. Akawaonyesha vituta kwenye malisho ya mkulima Garrod, vile ambavyo ng'ombe hujikunia, kumbe ni misingi ya nyumba za kijiji kilichotoweka. Akawaonyesha handaki la maji lililozunguka jumba la yule bwana mwenye ardhi, handaki ambalo sasa ni la bata. Watu waliguna kwa heshima, ingawa walikuwa wakipita hapo tangu utotoni bila hata kugeuza shingo.

Mwisho wakaingia kanisani. Bwana Lyle alichuchumaa mbele ya bamba, akatoa picha ya bamba hilo iliyopigwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwenye picha bibi alikuwa na macho, pua ya kiburi, na kitabasamu pembeni mwa mdomo. Kwenye bamba hapakuwa na uso, shaba tupu kama sahani.

"Nani amekuwa akimsugua kwa dawa?" aliuliza, wala si kwa ukali. "Dawa hizi zinakula shaba. Mama wa watu kapita tauni na vita salama, halafu kaja kumalizwa na usafi."

Enid alihisi masikio yake yanawaka moto.

"Atakuwa Freda huyo!" alisema Reg Bloy, mzee wa kanisa. "Freda hata paka angemsugua!"

Watu wakacheka. Freda Pask, mmoja wa wenzake Enid kwenye zamu ya usafi, alikuwa amekaa kwenye benchi. Yeye na Enid walikuwa marafiki tangu shule, na siku hizi kumbukumbu zilikuwa zikimtoka Freda.

"Mimi?" Freda aliwatazama mmoja mmoja. "Kama ni mimi, jamani, nisameheni. Siku hizi hata nilichokula asubuhi sikikumbuki."

Enid akaenda kumimina chai, akamkatia Freda kipande kikubwa cha keki. Alijichukia.

Jumapili ya wiki iliyofuata, wakati wa matangazo kanisani, Enid akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Uso wa bibi nimeufuta mimi. Freda hana kosa."

Reg akajipangusa macho.

"Kaa, mama, kaa. Kumbebea mwenzio lawama namna hiyo!"

"Simbebei mtu! Dawa iko kwangu, chini ya sinki!"

"Hata kwangu iko chini ya sinki," alisema mtu nyuma, na watu wakacheka kwa upole. Kasisi akasema huo ndio upendo anaouhubiri kila siku, na watu wakaitikia amina.

Freda akamvuta Enid akae, akamshika mkono.

"Asante, dada yangu," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. "Umenisitiri. Mimi nisingekuwa na moyo huo."

Enid aliuacha mkono wake hapo. Alitamani mtu mmoja tu kanisani humo amtukane.