Kuongezewa Muda

Nyumbani walimwita Bubu, kwa utani tu, maana maneno yake yote yaliishia vitabuni. Ndiyo sababu asubuhi hiyo baba yake, fundi wa makochi, alijikongoja naye mpaka chuoni, mshono wa tumbo ukiwa haujapona sawasawa.

"Mimi nakaa hapa," alisema, akijishusha polepole kwenye benchi la korido. "Ingia, sema ulikuwa unaniuguza, ripoti haijaisha, unaomba muda. Hawakuli."

Bubu aligonga mlango. Akinyimwa muda, angerudia mwaka mzima.

Msimamizi wake, mama ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaona meno yake, aliinuka akamshika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu. Muda nimeshakuombea, mwezi mzima. Nenda kamzike baba kwanza."

"Kumzika... nani?"

"Shangazi yako alinipigia jana. Masikini, alilia mpaka nikashindwa kukata simu. Hata darasani tumesimama kimya kumkumbuka mzee."

Shangazi! Juzi tu alikuwa kando ya kitanda cha baba akimnywesha uji, akisema mtoto huyu hana mdomo, suala la chuo aachiwe yeye. Wakadhani anapiga porojo.

Nje, mtu akakohoa. Bubu alikijua kikohozi kile tangu utotoni. Angeitikia kwa kichwa tu, mwezi ungekuwa wake.

"Mwalimu, baba hajafa. Yuko hapo mlangoni."

Msimamizi alifungua mlango. Mzee akanyanyuka kwa taabu, akanyoosha mkono. "Mimi ndiye baba yake. Asante kwa kutupokea."

Mama yule aliutazama ule mkono, asiushike, kama aliyeona kaburi likimsalimia.

"Mwezi nimeufuta. Ule ulikuwa wa msiba. Wa kuuguza ni wiki mbili, na barua ya hospitali niione."

"Zinatosha," alisema Bubu, akashtushwa na sauti yake mwenyewe.

Kwenye ngazi, baba alishuka akishikilia ukuta, macho yamemtoka. "Dada yangu? Tumbo moja! Aniue mimi, mchana kweupe?" Akasimama, akamgeukia mwanawe. "Hivi kweli alilia?"

"Mwalimu anasema alilia sana."

"Sana kiasi gani?"