Kinanda Kilichofika Baada ya Miguu

Jumamosi nilikuwa kwenye harusi hapa Bungoma, upande wa bibi harusi. Wakwe wetu wa Kitale walikuja na mpiga kinanda wao, na sauti zote zilitoka kwenye laptop yake: fidla, tarumbeta, hata mwangwi wa kanisa kubwa. Shida ni kwamba kila alipobonyeza, sauti ilitoka baadaye kidogo.

Kwaya yetu haimwachi mgeni nyuma. Akina mama waliposikia kinanda kimechelewa, walipunguza mwendo kukingojea. Mpiga kinanda akasikia wamepunguza, naye akapunguza. Wasichana wa kumsindikiza bibi harusi, ambao huingia wakicheza, wakabaki na mguu mmoja hewani. Wimbo wa kuingia ukawa wa kusindikiza jeneza, na wakwe pale mbele wanarekodi kwa simu.

Kiongozi wa kwaya alimwendea mpiga kinanda, mkono ukipiga mdundo pajani. "Kijana, mbona unatuchelewesha?"

"Si mimi, mama, ni laptop. Lazima itengeneze sauti kwanza ndio itoe. Nikiiharakisha, itakwaruza."

"Itakwaruza sana?"

"Kiasi."

"Basi wacha ikwaruze, bora itembee na sisi."

Akabadilisha kitu kwenye laptop. Bibi harusi alifika mbele spika zikilia kama vitunguu kwenye mafuta, na hakuna aliyekunja uso.

Sauti mbaya tunaivumilia kila Jumapili. Kuachwa na mguu hewani mbele ya wakwe, hilo hapana.