Gauni la Zamu

Mtaani walimwita Mama Cherehani, na tangu vita vianze cherehani yake ilikuwa imelala. Vitambaa vyote vilikwenda kwa askari, wenye maduka wakabaki kufukuza nzi. Fundi wa nguo, jamani, akaanza kuuza nguo zake mwenyewe apate unga! Leo sketi, kesho shuka, mpaka nyumbani likabaki gauni moja la kutokea, lake yeye na mkwewe, mke wa mwanawe. Wakalivaa kwa zamu. Mmoja akienda sokoni, mwenzake anajifungia ndani na gunia lililotobolewa pa kupitisha kichwa na mikono.

Lakini kwenye barua za kwenda kwa huyo mwana vitani? Thubutu! Mkwe ndiye aliyejua kuandika, mama mtu akisema.

"Mwambie mumeo hatujambo. Wateja wamejaa, na sisi tumejishonea magauni mapya."

"Magauni yapi, mama?"

"Andika, mwanangu. Mtu yuko vitani, tumwongezee mzigo wa nini?"

Mkwe akaguna, akaandika. Barua zote zilikwenda hivyo, zimeshiba kuliko wenyewe.

Hata siku moja likaja jibu. Kikosi kinahamishwa, treni itapita hapa Ijumaa asubuhi na kusimama kidogo kujaza maji. "Njooni wote wawili," kijana aliandika, "niwaone na hayo magauni yenu."

Mama Cherehani alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Aazime kwa nani? Majirani nao walikuwa wanavaa kwa zamu.

Ijumaa mkwe akampa gauni. "Nenda wewe, mama. Mimi ataniona akirudi."

"Akirudi!" Mama Cherehani alilisukuma gauni. "Wewe ndiye mkewe, na hata mtoto hamjajaaliwa. Vaa uende."

"Basi twende wote, wewe na gunia lako. Nani atakucheka?"

"Fundi wa nguo na gunia, mbele ya askari wenzake? Baada ya yote tuliyomwandikia? Si nitamvunja moyo! Nenda, utachelewa."

Stesheni haikuwa mbali. Mama Cherehani aliisikia treni ikiingia, akainuka, akafika kizingitini. Akajitazama. Akarudi kuketi. Alitamani kumwona mwanawe, na bado hakutoka. Honi ikalia, treni ikaondoka.

Mkwe alirudi macho mekundu.

"Kakuuliza, mama. Nikamwambia una mteja wa haraka. Akacheka, akasema anakujua, huwezi kuacha kazi." Akajifuta macho. "Alikuwa amekununulia kitambaa. Amempa rafiki yake, ampe mama yake huyo rafiki, kwa kuwa sisi tunavyo."

Kabla Mama Cherehani hajajibu, hodi ikapigwa na mlango ukasukumwa. Alikuwa yule mama muuza mkaa wa nyuma ya soko, ambaye mwanawe alikuwa kikosi kimoja na kijana wao. Naye alivaa gunia, jeusi kwa mkaa, na kwapani alibana kitambaa cha bluu.

"Mwenzangu, natoka stesheni hivi hivi unavyoniona! Mimi mwanangu nilimwandikia zamani kwamba mama yake anavaa gunia, aibu ya nini? Na huyu mwanao, mtu kweli! Hiki kimetoka kwake. Alipoona huji, akanishika mikono, akasema, 'Acha nikushike wewe badala ya mama.' Hakuniachia mpaka treni ikaanza kutembea. Sasa najua una kazi nyingi, lakini hutanishonea..."

Macho yake yalikuwa yamezoea giza la chumba. Akaliona gunia.

"Kumbe na wewe?"

Mkwe aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Utepe wa kupimia ulining'inia pale pale kwenye cherehani, na kazi ni kazi.

"Nyoosha mikono nikupime," Mama Cherehani alisema. Muuza mkaa akainyoosha. Mama Cherehani akaishika yote miwili, na utepe hakuuchukua.