Ndevu za Pamba

Miaka michache baada ya Uhuru, soko la Rangwe lilikuwa na stoo ya pamba ambayo ilijaa wakati wa msimu tu. Malori yakishapeleka magunia kwenye kinu cha Homa Bay, stoo ilibaki tupu, na nyuzi nyeupe zilibaki zimekwama kwenye nyufa za sakafu. Humo ndimo nilimojifunza kusimama mbele za watu na kusema neno likasikika. Waliotufundisha walikuwa mume na mke, na hakuna aliyewalipa.

Mume alikuwa fundi wa baiskeli. Zamani alifanya kazi katika ukumbi mmoja wa Kisumu, kazi ya kufagia na kuvuta pazia. Kwa kuvuta pazia alitazama michezo mingi kutoka pembeni, mahali ambapo mtu huona mwigizaji akitetemeka kabla ya kutoka. Aliporudi nyumbani alitaka vijana wa Rangwe nao wawe na mahali pa kutetemekea, kama alivyopenda kusema. Tulimwita Mwalimu. Mke wake alikuwa mshonaji kwenye baraza ya duka la Mhindi. Jioni alibebewa cherehani yake mpaka stoo, akaketi karibu na mizani ya pamba, akashona huku sisi tukifanya mazoezi. Yeye tulimwita Mama tu.

Mwalimu alisema mengi. Mama alisema machache, lakini tulikuwa tumeigundua siri yake. Ulipokuwa ukisema maneno yako ovyo ovyo, cherehani iliendelea kukimbia. Ulipoyasema kama mtu anayeyamaanisha, miguu yake ilisimama juu ya kikanyagio na cherehani ikanyamaza. Basi sote tuliigiza kwa ajili ya kuinyamazisha ile cherehani. Sijapata tena mtahini mwenye haki kama yule.

Wasichana tuliruhusiwa kuja kwa sababu mbili: Mama alikuwepo, na stoo ilikuwa na kuta, tena iko katikati ya soko. Baba yangu aliniambia wazi, "Siku mtakapofukuzwa mle ndani, na wewe umemaliza. Sitaki binti wa kuimbia vichakani." Wazazi wengine walisema hivyo hivyo. Kwa hiyo mnunuzi mmoja wa pamba alipoomba stoo iwe yake mwaka mzima, tulijua tunapoteza zaidi ya paa. Kamati ya soko ilisema itaamua baada ya kuona tunachofanya. Mwenyekiti wake alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya manyoya, ambaye sote tulimwita Jaduong', yaani mzee mwenye heshima. Alimwambia Mwalimu, "Tutakuja Jumamosi mchana. Kama ni upuuzi, pamba irudi."

Mwalimu alitunga mchezo wa baba aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho akasahau kurudi. Baada ya miaka anafika kwake, na binti yake hamtambui. Anampa maji kama anavyompa mgeni yeyote. Baba anakunywa, anaona haya, anaondoka tena bila kujitaja. Binti nilikuwa mimi. Baba alikuwa kijana wa umri wangu, mwana wa mchinjaji, aliyebandikwa ndevu za pamba kwa uji mzito wa unga. Tuliigiza kwa Dholuo, lugha yetu, isipokuwa karani wa mashamba ya chai, ambaye alisema Kiswahili, maana makarani ndivyo walivyotusemesha.

Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: mwigizaji haongei na watazamaji, na watazamaji hawaongei na mwigizaji. Huko Kisumu aliona watu wakiketi kimya mpaka mwisho. Na kwa kuwa alitaka sehemu ile ya maji iguse moyo, alimwalika mpiga nyatiti kutoka Kendu Bay apige taratibu wakati naleta kibuyu.

Mama aliposikia alikata uzi kwa meno. "Baba watoto, nyatiti ipigwe, na wazee wakae kimya?"

"Watakaa. Ni mchezo wa kuigiza, si matanga."

"Haya," akasema Mama, akaendelea kushona.

Kwa wasiojua, nieleze. Nyatiti ni kinubi cha nyuzi nane. Inapopigwa, msikilizaji yeyote ana haki ya kuisimamisha. Anainuka, anatupa sarafu kwenye karai lililo mbele ya mpigaji, muziki unakatika, naye anajisifu: ni mkwe wa wapi, anatembeaje, anakula nini. Akimaliza, nyuzi zinaendelea mpaka mwingine ainuke kumjibu. Hiyo ndiyo pakruok. Hakuna anayeiona kuwa utovu wa adabu. Mpigaji akisikilizwa kimya kimya, huanza kujiuliza amekosea wapi. Mwalimu alizaliwa na kukua ndani ya jambo hili kama sisi sote. Ila kwa miaka mingi alikuwa upande wa pazia.

Jumamosi ikafika. Stoo ilijaa mpaka watoto wakapanda juu ya mizani. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Walimcheka karani, wakamgunia baba. Kisha nikatoka na kibuyu cha maji, na nyatiti ikaanza.

Sikufika katikati.

"Simamisha!" Jaduong' alikuwa amesimama. Sarafu ikalia kwenye karai. "Mimi Jaduong' ninayetembea polepole, kwa sababu ardhi ninayoikanyaga yote ni yangu!"

Stoo nzima ikashangilia. Nyuzi zikaanza tena. Kabla sijainua mguu, mchuuzi mmoja wa samaki akatupa yake. "Mimi mkwe wa Kendu Bay! Ninayekula ngege kuanzia kichwani, mkia nikamwachia jirani!"

"Jirani gani huyo?" akauliza Jaduong'.

"Anayejijua anajijua!"

Watu wakapiga vigelegele. Nilibaki na kibuyu mkononi. Mwana wa mchinjaji alikuwa akitoa jasho, na ndevu zake zilikuwa zimeanza kuteleza upande mmoja. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa mimi ni nani?"

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ametoka pembeni, mkono ameuinua, kinywa tayari kusema "Nyamazeni." Nilijua akilisema mbele ya wazee wale, habari yetu imekwisha. Naye nadhani alijua. Alimtafuta mkewe kwa macho. Mama alikuwa ameketi nyuma ya pazia la magunia, amejifunika mdomo kwa leso, mabega yakimcheza kwa kicheko.

Mwalimu akashusha mkono. Akaenda mpaka mbele ya mpiga nyatiti, akaingiza vidole mfukoni, akatoa sarafu na kuiacha ianguke karaini. Muziki ukakatika. Kisha yeye, mwenye sheria yake, akawageukia watazamaji.

"Si mimi ninayesema," akasema. "Huyu binti ana neno."

Akarudi pembeni. Sikuwa na neno lolote. Nilikuwa na kibuyu tu, na macho ya soko zima, na baba yangu mzazi aliyesimama karibu na mlango kana kwamba alikuwa akipita. Basi nilijisifu kama ambavyo yule binti angejisifu.

"Mimi binti wa mwanamke aliyelima peke yake," nikasema. "Mimi ninayempa maji kila mgeni anayepita, na kumtazama usoni akinywa. Maana mmoja wao huenda ni baba yangu, na mimi simjui sura."

Hakuna aliyeshangilia. Wanaume wengi mle ndani walikuwa wamewahi kwenda mbali kutafuta kazi, Kericho, Magadi, Mombasa, na wake wengi walikuwa wamelima peke yao. Mpiga nyatiti hakugusa uzi.

Jaduong' akainuka polepole. Alitupa sarafu, akavua kofia yake ya manyoya. "Mimi ndiye baba wa huyo mtoto," akasema. "Nilipotea. Nyathina, mwanangu, nipe maji."

Mwana wa mchinjaji akajitoa ndevu, akamsogezea mzee nafasi. Nilimpelekea kibuyu. Akanywa yote, nikimtazama usoni. Mwanamke mmoja nyuma akaita, "Usiende tena!" na hapo ndipo vicheko na machozi vikachanganyikana, nyatiti ikarudi kwa nguvu, watu wakacheza mpaka vumbi la pamba likapanda juu.

Kamati haikukaa kikao. Jaduong' alimwambia mnunuzi wa pamba pale pale mlangoni, "Wewe subiri msimu kama wenzako." Jumatatu baba yangu aliniuliza mbona nachelewa mazoezi.

Siku hiyo Mwalimu alitukusanya karibu na mizani. Alisema kuanzia sasa kila mchezo wetu utakuwa na mlango, mahali ambapo tutanyamaza na kumwachia mtazamaji aingie akitaka. Alitufundisha jinsi ya kumpokea anayeingia na jinsi ya kumrudisha kwenye hadithi bila kumwaibisha. Nimewafundisha vijana wengi tangu hapo, na sehemu hiyo ya kazi ndiyo ngumu kuliko zote.

Alipomaliza, Mama aliuliza bila kuinua kichwa, "Na ule mwisho wako, baba anapoondoka?"

Mwalimu akafikiri kidogo. "Ulikuwa mzuri," akasema. "Ningependa wauone."

Cherehani ikanyamaza.

"Basi mtuigizie sisi," akasema Mama, na mwana wa mchinjaji akaenda kuokota pamba sakafuni ya kutengeneza ndevu nyingine.