Kisahani Kifupi cha Bai Velichko

Jua bado halijauvuka mgongo wa mlima, na Velichko Karamitrev amepiga magoti kwenye theluji akigombana na mlango wa kibanda chake. Kitasa kimeganda. Anakipulizia pumzi, anakipiga ngumi, anamtukana fundi aliyekitengeneza, mwisho anafungua chupa na kukimwagia chai ya moto. Mlango unafunguka huku ukilia.

"Kila asubuhi kikombe cha kwanza ni chake," anasema. "Mimi nakunywa cha pili. Nimezoea. Hata marehemu mke wangu alikuwa anaanza yeye."

Ndani mna jiko la kuni, kiti kilichong'olewa kwenye basi bovu na swichi mbili kubwa, ya kijani na nyekundu. Anabonyeza ya kijani. Nje, waya mnene unatetemeka, unajipukuta barafu na kuanza kuzunguka, ukipanda mlima na kurudi. Umebeba fimbo zinazoning'inia, na mwisho wa kila fimbo kuna kisahani cha plastiki. Mtelezaji hukipachika katikati ya mapaja na kuburutwa mpaka juu, akiwa amesimama kwenye mbao zake za kutelezea theluji.

Asubuhi hii ya Jumapili, siku ya kwanza ya Machi, hakuna mtelezaji. Visahani vinapanda vitupu.

Gorno Smrichevo ni kijiji chenye mabomba mengi ya moshi na moshi kidogo. Wageni wanaokuja milimani kucheza kwenye theluji huenda ng'ambo ya bonde, kwenye mitambo mipya yenye vyumba vya vioo na muziki unaosikika hadi huku upepo ukigeuka. Kwa Velichko huja waliopotea, wanaojifunza, na wale ambao Ginka, mwenye kibanda cha supu, huwaita "wanaopenda theluji lakini wanapenda zaidi pochi zao."

Hata hivyo majira haya theluji haikukosekana. Januari ilikuwa na baridi ya kukata na shoka. Jogoo wa Stoyu wa mtaa wa juu aliwika mara moja alfajiri akabaki mdomo wazi, na hakuufunga mpaka alipowekwa karibu na jiko. Wanaobisha wakamuulize Stoyu. Jogoo hawezi kuulizwa, maana aliliwa Sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi huo huo.

Velichko, au Bai Velichko, yaani kaka mkubwa, kama anavyoitwa na kila aliye mdogo kwake, ana miaka sitini na mitatu. Ameuendesha mtambo huu tangu ana nywele. Mshahara wake haufiki nusu ya ule anaolipwa binti yake Radostina kwa kutandika vitanda vya hoteli mjini Valensia, Hispania, na kuni peke yake zinaumeza theluthi.

"Pesa si neno," anasema. "Mtu wa kuongea naye ndiye hayupo."

Zamani alikuwepo. Kwenye kituo cha juu, mwisho wa waya, alikaa Manol, na kati yao kulikuwa na simu ya kuzungusha mkono. Waliongea kutwa nzima, na zaidi ya nusu ya maongezi ilikuwa matusi. Sasa juu kuna kamera. Picha ya Manol imebandikwa kwenye nguzo ya kwanza ya mtambo, pamoja na matangazo mengine ya marehemu wa kijiji, na pembeni yake ni la Nevena, mke wa Velichko, lililofifia kwa mvua. Ile simu bado iko ukutani.

"Kamera haijui kutukana," anasema. "Siku moja moja naiinua ile simu, namtukana Manol, halafu nasubiri. Hakuna kitu. Hakuwa mtu wa kunyamaza yule."

Mchana unapokaribia, wanajitokeza Waholanzi wawili, mume na mke, nyuso nyekundu kama pilipili za kuokwa. Wanapanda na kuteleza, mume anaanguka, mke anacheka. Wakifika chini Velichko anaunyooshea mlima kidole, maana yake: tena? Mwanamke anapeleka kichwa juu na chini. Velichko anamkabidhi kisahani.

"Huyu angekuwa wa huku ningemwacha aende zake," anaeleza. "Sisi kichwa kikienda juu na chini ni hapana. Kikienda kushoto na kulia ni ndiyo. Wenzetu wamefungwa shingo kinyume. Zamani nilikuwa nawaacha wanaotaka, nawavuta wanaokataa. Kuna Mjerumani alikuwa ananikatalia kila akishuka, na mimi nampandisha tu. Nilimpandisha kutwa. Jioni akanikumbatia akaniita ndugu."

"Akakukumbatia au alikuwa anatafuta pa kuegemea?" Ginka anauliza. Amekuja na mabakuli mawili ya supu ya maharage na nusu mkate kwapani.

"Mradi alinishika," anasema Velichko. "Sasa sikosei. Mgeni, namgeuza. Wetu, namwacha alivyo."

Ginka anatoa mfukoni uzi wa Machi, mwekundu na mweupe, ambao huku kila mtu hufungwa leo na mtu anayemtakia heri. Anamfunga kwenye kifundo cha mkono, anamvuta sikio.

"Kama si mimi ungefungwa na nani, wewe mzee? Na kamera?"

Velichko anajisogezea bakuli. Anakula supu akiwa ameupa mgongo ukuta ambao Ginka anautazama. Ukutani hapo, kwenye msumari, kimetundikwa kisahani cha rangi ya manjano chenye fimbo fupi kuliko zote.

Kwa maneno mepesi, kisahani hicho ni mjukuu wake. Mwaka jana, likizo ya Februari, Radostina alikuja na binti yake Kalina, mwenye miaka minane, ambaye alikuwa hajawahi kuikanyaga theluji. Fimbo zote zilikuwa ndefu kwake. Velichko akaikata moja kwa msumeno, akailainisha, akaipaka rangi ya manjano ili mtoto aitambue ikija. Wiki nzima Kalina alipanda na kuteleza, akapanda na kuteleza. Wengine wakimaliza, babu yake aliuacha mtambo uzunguke kwa ajili yake peke yake.

"Alikuwa haongei sana," anasema. "Lugha yetu anaielewa yote, ila ulimi wake ni wa kule, anaona haya. Basi mimi ndiye nilikuwa naongea. Nilimwambia dubu wa huku wanapanda kwa mtambo, tena wanakaa vizuri kuliko Waingereza. Akacheka mpaka akakaa chini."

"Na siku ya kuondoka?" Ginka anauliza.

"Nini siku ya kuondoka?"

"Ndiyo nakuuliza mimi. Huu uso wako wa jeneza umeanza siku ile. Mwaka mzima nakuletea supu, unaniambia maharage, unaniambia magoti, hunielezi jambo lenyewe. Krismasi hawakuja. Februari hii hawakuja. Mwenye mtambo ukamwambia hutaki tena. Kwa nini?"

Hilo la mwenye mtambo kijiji kizima kinalijua. Bwana Kamenov, anayeishi mjini, aliuliza kabla ya Mwaka Mpya kama Velichko ataendelea majira yajayo. Velichko akasema haya ni ya mwisho. Kamenov akajibu kwamba hakuna mtu mwingine atakayekubali kukaa kwenye kibanda kile, kwa hiyo theluji ikiyeyuka nguzo zitakatwa ziuzwe kama chuma chakavu.

Velichko anaweka kijiko chini.

"Basi lilikuwa linanguruma pale barabarani," anasema. "Nikamuuliza, Kalina, utakuja tena kwa babu? Akaniangalia hivi, usoni. Akanijibu kwa kichwa. Hapana."

"Kwa kichwa vipi?"

"Kwa kichwa, basi! Juu, chini. Mara tatu, kwa nguvu, mpaka kofia ikamdondoka. Tena anatabasamu. Hicho ndicho kilichonimaliza, Ginka. Mtoto ananikataa huku anatabasamu. Nikamwokotea kofia yake, nikamwambia sawa mama, sawa. Mama yake alipoanza habari za tiketi nikamwambia msijisumbue, mtoto asilazimishwe."

Ginka ameacha kutafuna.

"Velichko. Mtoto yule amezaliwa wapi?"

"Valensia. Unajua."

"Shuleni anakaa na nani?"

"Na wenzake wa huko."

"Na shingo amefundishwa na nani, punda wewe?"

Supu inapoa. Velichko anautazama mkono wake kana kwamba jibu limeandikwa humo.

"Lakini ni wetu," anasema taratibu. "Ni damu yangu. Wageni ndio nawageuza. Sikujua na wa kwangu nimgeuze."

"Mtu umesoma vichwa vya Wajerumani miaka thelathini!"

"Wajerumani sikuwa nawaogopa."

Simu ya Velichko ni ya vitufe, na hushika mawasiliano sehemu moja tu, kwenye nguzo ya kwanza, ukiwa umeiegemea kwa mgongo. Ndipo anaposimama sasa, kofia mkononi, kati ya tangazo la Nevena na la Manol. Ginka amesimama mbele yake kuzuia upepo, na pia ili asikie. Simu inaita kwa muda mrefu.

"Baba?" Sauti ya Radostina inasikika hadi nje ya simu. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nipe Kalina."

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Nipe mtoto, mwanangu, kabla mkono haujaganda."

Kunasikika vishindo, mlango, kisha sauti ndogo: "Babu?"

Velichko, ambaye anaweza kumsimulia Mholanzi hadithi ya dubu kwa kutumia mikono tu, sasa anaikunjakunja kofia. Ginka anamkanyaga mguu.

"Kalina," anasema. "Mwaka jana nilikuuliza kitu. Nakuuliza tena. Utakuja kwa babu? Kuteleza?"

Upepo unalichezea tangazo la Manol.

"Amekata?" Ginka ananong'ona.

"Hajakata. Nasikia anahema." Uso wa Velichko unaanza kuporomoka. "Haya mama. Haya, si lazima, babu alikuwa anauliza tu..."

"Baba!" Ni Radostina tena, na haijulikani kama analia au anacheka. "Baba, anakujibu kwa kichwa! Yuko hapa mbele yangu anakujibu kwa kichwa!"

"Upande gani?"

"Juu na chini!"

"Cha huku au cha huko?"

"Cha huko, baba! Cha huko!"

Velichko anateleza taratibu mgongo ukiwa kwenye nguzo mpaka anakaa kwenye theluji, na mawasiliano yanakatika. Ginka anamnyanyua kwa kola. Wanapiga upya. Radostina anasema mtoto ameuliza mwaka mzima babu amekasirikia nini. Anasema walidhani hawatakiwi. Kisha anasema haahidi kitu: hoteli haitoi likizo ovyo, nauli imepanda, labda Desemba, labda Februari, ataona.

"Utaona," anasema Velichko. "Basi ona."

Baadaye, kibandani, Ginka anamuuliza atamwambia nini Kamenov, ambaye huenda ameshampata mnunuzi wa chuma.

"Nitampigia kesho. Nitamwambia majira yajayo nipo. Akisema ameshauza, nitamwambia mnunuzi aje, nimfunge kwenye waya nimpandishe kutwa nzima kama yule Mjerumani, mpaka aniite ndugu."

"Na akikataa?"

"Si atakataa kwa kichwa? Nitajifanya mgeni."

Anakitoa kisahani cha manjano msumarini, anakifuta vumbi kwa mkono wa koti. Anakisimamisha sakafuni na kukipima kwa macho. Mtoto atakuwa amerefuka, anasema, itabidi aongeze kipande, lakini kirefu kiasi gani? Hakukumbuka kuuliza. Anakitazama tena na kuamua kukiacha kilivyo kwanza.

Waholanzi wameshaondoka, na kivuli cha mlima kimefika kwenye paa. Ni saa ya kuzima, lakini Velichko anasimamisha waya kwa muda tu, anapanda ngazi, na kuifunga ile fimbo fupi mahali pake. Anaufungua uzi mwekundu na mweupe mkononi mwake kwa meno, anaufunga kwenye fimbo. Anarudi ndani na kubonyeza swichi ya kijani.

Kisahani cha manjano kinapanda kitupu, kinapotea juu kwenye ukungu, kinarudi kitupu. Kinapanda tena. Velichko amesimama mlangoni akikifuata kwa macho, na kichwa chake kinakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia.