Ubao wa Mlangoni kwa Mama

Katika duka la vifaa vya ujenzi kule Muhima, mwanamume aliyekuwa mbele yangu hakutulia. Alitembea hatua nne mbele ya kaunta, akionyesha sakafu ya mbao ya nyumba yao ya zamani inapolia ikikanyagwa.

"Misumari iko?"

"Chukua skurubu, bosi. Msumari utalegea, utarudi hapa."

"Basi nipe za kutosha mbao saba."

Simu yake ikaita. Sauti ya mkewe tuliisikia sote: "Ubao wa mlangoni kwa mama usiguse! Anasahau njia. Usipolia, akitoka peke yake tutajuaje? Juzi tulimkuta mbali kule Sonatubes!"

Miguu yake ikatulia. "Weka za mbao sita," akamwambia muuzaji.

Mimi nilikuwa nimefuata mafuta ya bawaba za geti letu linalolia. Nina binti wa miaka kumi na saba. Niliondoka mikono mitupu.